Baada ya Mafuriko au Moto: Kutengeneza Mashine za Biashara au Kununua Mpya

Maji yakishapungua na tope likaanza kukauka sakafuni, mwenye karakana huingia, huitazama mashine yake, na mkono humwasha kubonyeza swichi ili ajue kama bado iko hai. Kabla ya jambo jingine lolote, mkono huo uzuiwe. Mashine nyingi ambazo zingeweza kupona huharibika kabisa katika sekunde hiyo moja, kwa sababu umeme hukuta unyevu kwenye koili (nyaya zilizosukwa ndani ya mota) au kwenye bodi ya elektroniki, hupita mahali usipopaswa kupita, na iliyokuwa kazi ya kusafisha na kukausha inageuka kuwa kazi ya kusuka mota upya au kutupa.

Ulinganisho huu ni kwa ajili ya mwenye biashara aliyekwama kati ya fundi na muuzaji: huyu anamwambia mashine itapona, yule anamwambia asipoteze fedha kwenye chuma kilicholowa. Wote wawili wanaweza kuwa wakweli, kila mmoja kwa mashine yake. Kosa linalowagharimu watu zaidi ni kuamua kwa jumla, yaani kutengeneza kila kitu kwa sababu fedha ni chache, au kutupa kila kitu kwa sababu moyo umevunjika. Uamuzi hufanywa kwa kila mashine peke yake, na mara nyingine kwa kila sehemu ya mashine.

Vigezo vya kupimia

Njia zote mbili zitapimwa hapa kwa vigezo vitano: usalama wa watu watakaoitumia mashine, gharama kwa kila mwaka wa kazi, muda ambao biashara itasimama, malipo ya bima, na maisha ya mashine pamoja na upatikanaji wa spea. Hata hivyo, kabla ya vigezo hivyo kuna swali ambalo majibu yote hulitegemea: ni nini kiliigusa mashine, na kwa muda gani?

Maji hayafanani. Maji safi ya bomba lililopasuka huacha uchafu kidogo, na mashine iliyokaushwa mapema huwa na nafasi nzuri. Maji ya mto huja na tope laini linalopenya kwenye beringi na kusaga kama msasa. Maji taka huongeza vimelea, hivyo kifaa chochote cha kuandalia chakula au dawa chenye sponji, mpira au mbao iliyonyonya maji hayo ni cha kutupa bila mjadala. Maji ya bahari ndiyo mabaya kuliko yote, kwa kuwa kila lita hubeba takriban gramu 35 za chumvi, na chumvi haiondoki kwa kukausha. Maji yakienda, chumvi hubaki, huvuta unyevu wa hewani na kuendelea kula shaba na chuma wiki baada ya wiki. Ndiyo maana mashine iliyoguswa na maji ya bahari husuuzwa kwa maji safi mapema iwezekanavyo, ingawa kuimwagia maji mashine iliyolowa humshangaza asiyejua sababu.

Kwa moto, tenganisha joto na moshi. Joto husomwa kwa vitu vilivyoyeyuka karibu na mashine. Risasi ya kawaida ya kulehemu bodi, yenye mchanganyiko wa bati, huyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi, alumini kwenye nyuzi 660, na shaba kwenye nyuzi 1,085. Ukikuta kifuniko cha alumini kimetiririka na kuganda sakafuni, basi springi na meno ya gia yaliyokuwa yamepewa ugumu kiwandani yamekwisha kuupoteza, na hayataurudisha kwa kupoa. Ukikuta ni plastiki nyembamba tu iliyojikunja, huenda chuma chenyewe hakikudhurika. Moshi nao huua polepole. Nyaya zenye ganda la plastiki ya PVC zikiungua hutoa gesi ya hidrojeni kloridi, na gesi hiyo ikikutana na unyevu huwa asidi inayotua juu ya bodi na chuma tupu, hata katika chumba ambacho moto haukufika. Mashine ya namna hiyo huonekana nzima siku ya kwanza, kisha wiki chache baadaye huanza kuleta hitilafu zisizoeleweka.

Kuhusu muda, kutu huanza ndani ya saa chache na kuvu huweza kuota ndani ya saa 24 hadi 48. Maana yake ni kwamba siku unazongoja ili uamue nazo zinaamua. Kwa hiyo huduma ya kwanza ifanyike kwa mashine zote bila kusubiri: piga picha, kata umeme kwenye chanzo, ondoa tope, suuza, kausha hewa ya chumba (chini ya asilimia 40 ya unyevu kama una mashine ya kukausha hewa), na paka mafuta ya kuzuia kutu kwenye chuma kilicho wazi. Kazi hiyo haikufungi katika kutengeneza wala kununua. Inakuachia njia zote mbili.

Usalama

Kutengeneza hukubalika pale ambapo usalama wa mashine unaweza kupimwa kwa kifaa na kuandikwa, na mfano bora ni mota ya umeme. Fundi mwaminifu huifungua, huvuta rota (sehemu inayozunguka), huosha koili kwa maji safi mpaka maji yanayotoka yasiwe na rangi ya tope, huikausha kwenye oveni kwa saa nyingi kwa joto la wastani, kisha hufunga beringi mpya. Beringi iliyokaa kwenye tope isipewe nafasi ya pili, hata kama inazunguka vizuri mkononi. Baada ya hapo hupima kwa megga uwezo wa koili kuuzuia umeme usivuje kwenda kwenye ganda la chuma la mota. Kiwango cha IEEE 43, cha taasisi ya wahandisi wa umeme, kinataka, kwa mota za kisasa za volti chini ya 1,000, angalau megaomu 5, usomaji ukiwa umerekebishwa kwa joto la nyuzi 40. Omba namba hiyo kwa maandishi, ya kabla na ya baada ya kukausha. Fundi anayesema mota ni salama kwa kuwa imewaka hajakuambia chochote.

Vitu vya chuma kizito, kama vitanda vya mashine za kuchonga, mashine za kubana na vichwa vya cherehani za kiwandani, huvumilia mafuriko vizuri vikisafishwa na kupakwa mafuta mapema. Kwenye moto hali ni nyingine, kwa kuwa chuma cha kusubu kilichopashwa sana kisha kikamwagiwa maji ya wazima moto huweza kupasuka nyufa nyembamba zisizoonekana kwa macho. Chuma hicho kikaguliwe kwa dawa ya kuonyesha nyufa kabla ya kuwekewa mzigo.

Kununua mpya kunashinda bila mjadala kwa vifaa ambavyo kazi yake ni kulinda. Sakiti breka, fyuzi na swichi za kuzuia kuvuja kwa umeme zilizozama zibadilishwe, kwa sababu ndani yake kuna springi na viungo vidogo vilivyofungwa kiwandani, na hakuna fundi wa karakanani anayeweza kuthibitisha kwamba vitakata umeme siku vitakapohitajika. Vivyo hivyo valvu za gesi na vidhibiti vya boila vilivyozama, mitungi ya kuzimia moto iliyopitiwa na joto, mipira ya haidroliki, na kamba au minyororo ya kunyanyulia mizigo. Betri za lithiamu zilizozama, hasa katika maji ya chumvi, zisichajiwe wala kuwekwa ndani ya jengo. Baada ya kimbunga Ian kupiga Florida mwaka 2022, magari ya umeme yaliyokuwa yamefurikwa na maji ya bahari yaliendelea kuwaka moto siku na wiki baadaye.

Lakini upya wa mashine hauleti usalama peke yake. Mashine mpya ikifungwa kwenye nyaya na soketi zilezile zilizolowa, hatari imebaki palepale. Na ikiwa unayoiita mpya ni iliyokwisha kutumika kwingine, ifungue kifuniko kabla ya kulipa: mstari wa tope ndani ya mashine, skrubu zenye kutu kwenye mashine inayong'aa kwa nje, au harufu ya kuvu, vinakuambia kwamba unanunua mafuriko ya mtu mwingine.

Bodi za elektroniki ziko katikati. Zinaweza kuoshwa kwa maji yaliyoondolewa madini, kufuatishwa alkoholi safi, kukaushwa na kufanya kazi. Lakini ukiona kijani kwenye miguu ya vipande vyake, shaba imekwisha kuliwa na maisha yake hayatabiriki. Bodi kama hiyo naikubali kwenye mashine ambayo ikizima ghafla itachelewesha kazi tu, nami naikataa kwenye mashine ambayo ikizima ghafla itamjeruhi mtu.

Gharama

Kuna kanuni inayotumiwa sana: gharama ya kutengeneza ikizidi nusu ya bei ya mpya, nunua mpya. Ni rahisi kukumbuka, nayo hupotosha, kwa kuwa haiulizi mashine itaishi miaka mingapi baada ya kutengenezwa. Hesabu bora ni kugawa gharama kwa miaka ya kazi. Tuseme bei ya mashine mpya ni 100, kwa fedha yoyote, na hudumu miaka 12. Kama yako ina miaka 8, na fundi anataka 40, na baada ya kulowa unaitegemea kwa miaka 2 tu, basi kila mwaka utakugharimu 20, wakati mpya ni kama 8 kwa mwaka. Kanuni ya nusu ingekuambia utengeneze, na ungeumia. Sasa tuseme mashine ileile ina miaka 3 na itabakiwa na miaka 8 baada ya matengenezo: 40 hiyohiyo inakuwa 5 kwa mwaka, na kutengeneza kunakuwa na faida.

Upande wa kutengeneza, gharama zinazosahauliwa ni za kuifungua mashine, kuisafirisha kwenda na kurudi, na kuharibika tena. Bei ya fundi iliyotolewa kabla ya mashine kufunguliwa ni makisio tu. Upande wa kununua, watu husahau usafirishaji, ushuru, msingi wa kuifungia, nyaya mpya ikiwa mahitaji ya umeme yamebadilika, mafunzo ya wafanyakazi, na kuiondoa ya zamani. Mashine mpya isiyokubali kalibu au viunganishi vya ile ya zamani huweza kukulazimisha kununua vitu vingine vitatu ambavyo havikudhurika.

Muda wa kusimama

Kigezo hiki hupuuzwa kwa sababu hakiandikwi kwenye ankara, na kwa maoni yangu ndicho kinachoua biashara nyingi ambazo janga lenyewe halikuziua.

Maafa hayampigi mtu mmoja. Mafuriko yakikumba eneo, kila mwenye karakana anatafuta mota ileile wiki ileile. Mafuriko ya Thailand mwaka 2011 yalipozamisha viwanda vya diski kuu za kompyuta na vya vipuri vyake, diski ziliadimika na bei zake zikapanda duniani kote, hata kwa wanunuzi ambao hawakuona tone la maji. Anayepanga kununua mpya aulize tarehe ya kufika kwa maandishi, wala asitosheke na neno “ipo njiani.”

Mfano wa upande wa pili ni tetemeko la Julai 16, 2007 huko Kashiwazaki, Japani, lililosimamisha kiwanda cha Riken kinachotengeneza ringi za pistoni. Kwa kukosa kipuri hicho kidogo, Toyota na watengenezaji wengine wa magari walisimamisha uzalishaji. Mashine za kiwanda hicho hazikuwa za kununuliwa dukani, kwa hiyo kampuni za magari zilipeleka mamia ya watu wao kusaidia kuzinyanyua, kuzisawazisha na kuzitengeneza, na uzalishaji ukaanza kurudi ndani ya takriban wiki moja. Mashine iliyoundwa mahususi kwa kazi yako mara nyingi iko katika kundi hilo.

Weka muda kwenye hesabu. Tuseme mashine mpya ni 100 na itafika baada ya wiki 10, matengenezo ni 55 na yatachukua wiki 2, na kila wiki ya kusimama unapoteza 8. Kutengeneza kunakuwa 55 na 16, jumla 71. Kununua kunakuwa 100 na 80, jumla 180. Geuza hali: mpya ipo ghalani na itafungwa kesho kutwa, ilhali fundi anasubiri spea kwa wiki 8. Sasa kununua ni kama 102, na kutengeneza ni 119.

Bima

Soma kama hati yako inalipa bei ya kununua mpya au thamani iliyobaki baada ya uchakavu. Kwa aina ya kwanza, kununua huwa kwepesi zaidi. Kwa aina ya pili, fidia ya mashine ya miaka 9 haitakaribia bei ya mpya, na kutengeneza kunaweza kuwa ndiyo njia pekee unayoimudu. Angalia pia kama uliweka bima pungufu. Pale hati inapotumia kanuni ya uwiano, mashine ya thamani ya 100 iliyowekewa bima ya 60 ikipata hasara ya 30, utalipwa 18.

Katika kutengeneza, mkadiria hasara atataka ripoti ya fundi na vipuri vilivyotolewa, hivyo viweke kwenye mfuko wenye jina la mashine. Katika kununua, usiuze wala kutupa mabaki kabla hajayaona, kwa kuwa mara nyingi bima ikikulipa thamani yote ya mashine, mabaki huwa mali ya kampuni ya bima. Kama mashine uliyochagua ni kubwa au bora kuliko iliyoharibika, tarajia kulipa tofauti mwenyewe. Bima ya kupotea kwa mapato, kama unayo, huwa na ukomo wa muda, na kuchelewa kwako kuamua kunaweza kuhesabiwa juu yako.

Maisha ya mashine na spea

Hapa nitakuwa mfupi. Mpya huja na waranti, spea za kisasa, na mara nyingi matumizi madogo ya umeme, jambo lenye uzito kwa kompresa, majokofu na pampu zinazofanya kazi mchana kutwa. Iliyotengenezwa huja na wafanyakazi wanaoijua kwa sauti yake, na fundi aliyekwisha kuiona ndani. Mashine ambayo mtengenezaji wake ameacha kutoa spea isitengenezwe kwa gharama kubwa, isipokuwa kama ni ya chuma na gia ambazo mchongaji yeyote anaweza kuziiga.

Njia ipi humfaa nani

Kutengeneza humfaa mwenye mashine changa au za kuagizwa mahususi, zilizoguswa na maji safi au zilizosuuzwa mapema, zenye mota na chuma zaidi kuliko elektroniki, aliye na fundi mwenye vipimo, na ambaye kila wiki ya kusimama inamuuma.

Kununua humfaa mwenye mashine zilizokaribia mwisho wa maisha yake, zilizozama kwenye maji ya bahari au maji taka, zilizopita kwenye joto kali, au zinazoendeshwa na bodi nyingi. Pia yule ambaye bima yake inalipa bei ya mpya na ambaye muuzaji ana bidhaa mkononi.

Kulingana na hali uliyo nayo

Kama umekumbwa na mafuriko ya maji ya mto na mashine zako ni za mota, anza na zile zinazoingiza fedha kwanza, zipeleke kwa fundi ndani ya siku mbili za mwanzo, na ubadilishe breka, fyuzi na soketi zote zilizozama bila kungoja bei ya fundi.

Kama jengo liliungua upande mmoja na mashine zako zilipata moshi tu, zisiwashwe hadi masizi yaondolewe na bodi zioshwe na mtaalamu. Zilizosafishwa mapema hupona kwa wingi. Zilizoachwa mwezi mzima katika hewa yenye unyevu zihesabu kama za kubadilisha.

Kama kilicholowa ni kompyuta, tenga data na mashine. Diski iliyozama isiwashwe wala isifunguliwe nyumbani. Ipelekwe kwa wataalamu wa kuokoa data. Kompyuta yenyewe, mara nyingi, ni ya kununua upya.

Kama mashine si yako bali umekodi, mwenye mali ndiye mwenye neno. Mpe taarifa kwa maandishi siku hiyohiyo, na uendelee na usafishaji wa kuzuia hasara isizidi.

Na kama fedha ya mpya ipo lakini mpya itachelewa, changanya njia mbili: itengeneze ya zamani kwa kiwango cha usalama tu, bila rangi wala madoido, iendeshe kwa mzigo mdogo huku ukipima koili kwa megga kila mwezi na kuandika namba tarehe kwa tarehe, na uagize mpya leo. Namba hizo zikianza kushuka mwezi hadi mwezi, izime na upige simu kwa muuzaji. Zikikaa palepale, mpya itakapofika utakuwa na mashine ya akiba.